Kitufe cha Tano

Kisiwa cha Remba,
Jumapili, 8 Februari 2026

Mama Nyamusi,

Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu nitoke nyumbani. Aliyenikumbusha ni Elijah dereva, kwa sababu yeye ndiye aliyenipa lifti siku ile, na anasema mpaka leo hajaambiwa asante.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu ilianguka ziwani tukipakua mitumbwi. Simu ya Elijah ipo lori lake likifika Mbita, lakini unamjua Elijah. Anaweka sauti ya nje, halafu wabeba magunia wote wanasogea kusikiliza. Juzi ulipouliza kama ninakula vizuri, aliyejibu "anakula kama kiboko" si mimi, ni mjinga mmoja wa Sindo. Barua angalau haina spika.

Mimi nipo. Mgongo ndio haupo. Magunia ya dagaa wa omena si kitu, barafu ya samaki wa mbuta ndiyo inayotuua. Wageni huinua kwa mgongo, na baada ya wiki wanatembea wameinama kama wanatafuta sindano. Mimi nimeshajifunza: goti kwanza, mzigo uegemee kifuani, ndipo unasimama. Ukisahau goti, umekwisha.

Elijah ameniambia kisanduku cha Baba kimenyamaza. Kile cha muziki nilichopewa na injinia wa barabara alipohama Migori, kinachovuta nyimbo kwenye mtandao. Anasema fundi Levis ametazama na kusema hakijaharibika, ila kampuni iliyokitengeneza imeacha kuvitengeneza na imefunga mitambo yake. Yaani kitu kizima, hakina ufa, na kimekufa kwa sababu watu fulani huko mbali wamechoka nacho. Nimefikiria jambo hilo siku nzima nikibeba barafu.

Usihangaike. Nunua sabufa ya kawaida, Levis akujazie nyimbo kwenye flashi. Hakuna mtandao, hakuna waifai ya kulipia kila wiki, na hakuna kampuni ya kukuzimia. Inapiga mpaka majirani wahame.

Vile vitufe vitano vya juu nilivipanga mimi, unakumbuka? Nyimbo za kinanda chetu cha iritungu, kwaya, rumba, habari, na cha tano nikaweka zile kelele za vijana ili nimchokoze. Siku ya kwanza alipokibonyeza alisema nimeleta wendawazimu nyumbani kwake. Sidhani kama amewahi kukigusa tena.

Jambo la mwisho, na hili ndilo linalonikera. Kabla simu haijazama, kila nilipopiga ulisema Baba amelala. Asubuhi amelala, jioni amelala. Mtu gani analala hivyo? Mimi najua. Bado ana hasira ya siku ile langoni, aliponiambia mbele ya watu kwamba kama ni kwenda niende, na nisirudi mikono mitupu. Basi. Mwambie mikono bado ni mitupu, lakini masikio yapo. Aniambie hata neno moja, hata la kunitukana.

Mimi mumeo,
Maroa Mirumbe


Kehancha,
Ijumaa, 13 Februari 2026

Baba Nyamusi,

Barua yako imefika, ina harufu ya omena mpaka paka ameifuata mezani. Nimefurahi kuona mwandiko wako. Pole kwa mgongo.

Nyumbani ni kuzuri. Nyamusi bado yuko Kendu Bay kwa shangazi yake Helen, na mwalimu anasema anasoma vizuri, ila anaongea sana darasani. Mahindi yameota.

Kuhusu sabufa, nilienda dukani kuitazama. Haifai. Rimoti yake ina vitufe vidogo kama punje za wimbi, na macho ya Baba unayajua, yana ukungu. Flashi nayo inapiga nyimbo kwa mpangilio wake yenyewe. Ukitaka wimbo fulani lazima upite zote zilizo mbele. Simu kubwa za kioo pia hazifai, kidole hakisikii kitu, ni kama kupapasa dirisha.

Ninachotafuta ni kitu chenye vitufe vikubwa vitano, vya kushikika kwa kidole gumba, na kila kitufe kitoe kitu chake, kile kile kila siku. Levis anatafuta. Tafadhali na wewe uliza huko Mbita, wanapita wafanyabiashara wengi. Usiseme ni muziki tu. Sisi hapa bila kile kisanduku hatuna amani.

Baba anakusalimu. Hana hasira na wewe.

Mimi,
Mama Nyamusi


Kehancha,
Ijumaa, 13 Februari 2026

Wifi yangu Helen,

Shikamoo. Nimetoka sasa hivi kumwandikia ndugu yako uongo, kwa hiyo nakuandikia wewe ukweli.

Ulipokuja mwezi wa Juni Baba alipopata kiharusi, alikuwa bado anaweza kusema maneno machache. Wewe ulikuwa ndani umemshika mkono, mimi nimesimama nje ya mlango kama inavyonipasa. Sote wawili tulisikia aliyosema: "Maroa asiambiwe. Arudi akitaka mwenyewe, asirudi kwa kunihurumia." Baada ya hapo ulimi ukafunga. Tangu siku hiyo hajasema neno linaloeleweka.

Sasa Maroa anadhani Baba anamnyima maneno. Kila akipiga nilikuwa nasema amelala. Nimesema amelala mpaka mimi mwenyewe naona aibu.

Kuna jambo ambalo hulijui. Wewe unajua mimi siwezi kuingia kwa Baba. Sisi Wakisii tunaiita ensoni, na ninyi Wakuria neno lenu ni karibu na hilo. Mke wa mwana haingii chumbani kwa baba mkwe, hamgusi, hamwoni alivyolala. Chakula naweka kwenye kigoda mlangoni. Nyamusi akiwa likizo huingia na kutoka kama kuku, mjukuu hana mipaka. Shule zikifunguliwa nabaki mimi na ule mlango.

Kile kisanduku ndicho kilichotusaidia. Siku moja mwaka jana nikasikia zile kelele za vijana, namba tano, anazozichukia kuliko dawa. Zikapiga na kupiga. Nikajua hakuna namna Baba amechagua hizo kwa kupenda. Nikamkimbilia jirani, Mzee Maranga, akaingia, akakuta jiko limeanguka na mkeka umeanza kuungua. Tangu siku hiyo tukaelewana bila kukubaliana kwa maneno. Asubuhi akipiga iritungu, ameamka salama. Kwaya, ana njaa. Rumba, yuko sawa, niende shambani. Habari, anataka Mzee Maranga aje wakae. Na namba tano ni njooni mbio.

Hatujawahi kuzungumza hivyo hata alipokuwa na ulimi, wifi. Kuna siku nilichelewesha uji, akapiga kwaya, nikakawia, akaongeza sauti mpaka waimbaji wakawa wanapiga mayowe. Nilicheka peke yangu jikoni, na nikasikia naye anacheka kwake, kile kicheko chake cha upande mmoja.

Sasa kimezimwa. Ile sauti ya mwanamke ndani yake ilisema kitu kwa Kiingereza, taa ikawa ya njano, basi. Kila asubuhi nasimama nje nikisubiri akohoe. Nikisikia kikohozi naenda kupika. Nisiposikia, sijui nitafanya nini.

Na usiniambie kengele ya ng'ombe. Nilishaijaribu. Nilimpa Mzee Maranga ampelekee, Baba akaitikisa mara moja, akairusha nje mpaka kwenye mboga zangu. Yeye si ng'ombe.

Mimi wifi yako,
Orpah


Kisiwa cha Remba,
Jumapili, 22 Februari 2026

Mama Nyamusi,

Nitaanza na lile baya ili tumalizane nalo. Elijah anasema Levis ameonekana nyumbani kwangu mara tatu. Fundi gani huyo asiye na duka? Kitu kikiharibika si hupelekwa kwake? Na wewe barua yako yote ni Levis ametazama, Levis anatafuta, vitufe vitano, kidole gumba. Hujawahi kuniandikia hivyo kuhusu mgongo wangu. Unasema bila kisanduku hamna amani. Hamna, wewe na nani? Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la sita, lakini neno "sisi" nalijua.

Nimelisema. Nisingelisema lingenikaa kooni kama mwiba wa mbuta.

Sasa lile zuri. Nilikuwa naweka akiba ya simu nyingine. Badala yake nimenunua spika mpya kabisa kwa mfanyabiashara wa Mbita, na Elijah ndiye anayekuletea pamoja na barua hii. Wewe unatafuta vitufe vikubwa. Mimi nimeenda mbele zaidi. Hii haina kitufe hata kimoja! Ni ya duara, imefunikwa kitambaa, na unaongea nayo. Unasema unataka iritungu, inatafuta iritungu kwenye mtandao na kupiga. Niliijaribu mbele ya kibanda cha yule mfanyabiashara. Nilipoiambia kwa Kiswahili ilinijibu kama mwalimu aliyekasirika, lakini tukamwita mwanafunzi mmoja akaisemesha kwa Kiingereza, ikapiga rumba. Mfanyabiashara anasema inajifunza sauti ya mtu, lugha yoyote. Baba ataizoeza. Alizoeza fahali wa kulima, atashindwa na hii?

Kwa hiyo macho yake si neno tena. Asitafute kitu, asibonyeze kitu, aseme tu. Levis aiunganishe na waifai, na iwe mara ya nne na ya mwisho.

Na mwambie Baba maneno haya hasa, kama nilivyoyaandika: ikiwa utaweza kusema na spika, utaweza kusema na mimi.

Maroa


Kendu Bay,
Jumanne, 24 Februari 2026

Orpah mpendwa,

Marahaba. Elijah alipita hapa kunywa chai, akaniachia salamu na akaongea kupita kiasi kama kawaida yake. Anasema amebeba spika ya Baba kutoka kwa Maroa, ya kuamrishwa kwa mdomo. Nilimwuliza, "Kwa mdomo?" Akasema, "Kwa mdomo, dada, hakuna kubonyeza." Nikamwaga chai.

Mwambie Maroa. Mwambie leo. Mimi pia niliyasikia maneno ya Baba, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, lakini Baba alisema vile akidhani atakufa wiki ile. Hakufa. Hakupanga kukaa miezi hii yote akimsikia mtoto wake analia kwenye simu huku wewe unasema amelala. Na usifikiri hasikii. Masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Ningekuja mwenyewe, lakini mume wangu amelazwa na mtihani wa Nyamusi ni wiki ijayo. Spika hiyo isifike kwa Baba. Iweke chini ya kitanda, uipoteze, mpe Mzee Maranga aikalie.

Nimempa jirani barua hii aje nayo Migori. Natumaini itamtangulia Elijah.

Wako,
Helen


Kehancha,
Jumanne, 3 Machi 2026

Baba Nyamusi,

Barua ya Helen ilinionya, lakini ilifika baada ya spika. Nisome mpaka mwisho kabla hujainuka. Nimempigia Elijah aje aichukue barua hii, sikumwambia kilichomo, kwa sababu sikutaka habari za baba yako zisomwe mbele ya wabeba magunia.

Baba hakukunyima maneno. Hana. Alipata kiharusi Juni mwaka jana, ulimi ukafunga na mkono wa kulia ukalegea. Alikataza uambiwe. Alisema urudi ukitaka mwenyewe, si kwa kumhurumia. Mimi na Helen tulimtii. Kila niliposema amelala, alikuwa ameketi pale pale mlangoni kwake, simu ikiwa na sauti ya nje, anakusikiliza. Ukimaliza alikuwa anabonyeza rumba. Rumba maana yake ni niko sawa. Zile namba ulizozipanga ndizo tulizotumia kuzungumza, yeye na mimi. Ile ya tano ya wendawazimu ndiyo ya kuomba msaada. Iliwahi kuzuia moto usimchome. Hiyo ndiyo "sisi" niliyoandika. Sisi, mimi na baba yako.

Levis alikuja mara tatu kwa sababu kisanduku kilikataa mara tatu. Mara zote Mzee Maranga alikuwa ameketi hapo hapo na fimbo yake. Ungeniuliza mimi badala ya kumuuliza dereva.

Sasa spika. Elijah aliishusha kwa furaha, akatangazia kijiji kizima kwamba Maroa ametuma spika inayoelewa watu. Kabla sijapata la kusema, Levis alikuwa ameshaiunganisha, na watu wamejaa uani. Wakaiweka kwenye kigoda mbele ya Baba. Elijah akasema, "Haya Mzee, ni mtoto wako huyo, ongea naye!" Alikuwa anatania. Hakujua.

Baba aliishika kwa mkono mzima. Akaipapasa yote, juu, pembeni, chini, akitafuta vitufe. Hakuna. Halafu akafungua mdomo. Baba Nyamusi, tangu Juni hakuwa amejaribu kusema mbele ya watu. Kilichotoka ni "ta, ta, ta." Sauti ya mwanamke ndani ya spika ikajibu kwa Kiingereza. Levis akatutafsiria kwamba hakuelewa na anaomba arudie. Baba akarudia, kwa nguvu zaidi, mate yakimtoka. Akajibiwa vile vile. Watoto wakacheka, si kwa ubaya, watoto hucheka. Levis akachomoa waya bila kuambiwa. Alikuwa karibu kulia, yule Levis unayemwogopa.

Baba aliingia ndani akafunga mlango. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumapili alikula kidogo sana.

Jana asubuhi nilisimama nje kusubiri kikohozi. Hakuna. Nikasikia kikombe kinabingirika, kisha kitu kama mtu anakwaruza sakafu. Nikakimbia kwa Mzee Maranga, yuko mnadani na ng'ombe. Mkewe yuko mtoni. Wanaume wote wako machimboni. Nikarudi mlangoni nikaita kama unavyomwita wewe baba yako, "Tata! Tata!" Kukwaruza kukapungua.

Nikaingia.

Alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta, uso chini, na nguo hazikuwa mwilini kama inavyotakiwa. Nilifumba macho nikavuta blanketi kwa kupapasa, nikamfunika. Halafu nilifanya kama ulivyoniandikia, goti kwanza, mzigo uegemee kifuani, ndipo nikasimama. Ni mwepesi, Maroa. Baba yako ni mwepesi.

Nilipomlaza alinitazama. Halafu akajifunika uso kwa mkono ule mmoja, na hajauondoa mpaka leo. Chakula changu hagusi. Uji wa mke wa Mzee Maranga alionja vijiko viwili, akafunga mdomo. Anakunywa maji, basi. Nimemtuma Mzee Maranga amwambie kwamba sikuona kitu. Akatikisa kichwa. Anajua nimeona.

Mzee Maranga anasema aibu hii ina dawa. Achinjwe mbuzi, na mwana wa nyumba aseme maneno mbele yetu wawili kwamba aliyeingia aliingia kwa ruhusa yake. Hakuna mwingine anayeweza kuyasema. Helen hawezi, mimi siwezi, Mzee Maranga hawezi. Bila hivyo Baba hatakula kutoka mkononi mwangu, na hapa hakuna mkono mwingine.

Sikuambii urudi kwa kumhurumia. Nakuambia kilichotokea.

Orpah


Mbita,
Alhamisi, 5 Machi 2026

Mama Nyamusi,

Elijah alinipa barua yako jana hapa Mbita tukishusha magunia. Niliisomea nyuma ya banda la barafu. Nilifika pale pa rumba nikashindwa kuendelea, nikarudi kubeba, kisha nikaja kumalizia. Mtu mmoja akaniuliza kama macho yanauma. Nikamwambia ni vumbi la omena. Akasema, "Omena haina vumbi, omera, ndugu yangu." Basi nikamwambia ukweli.

Hukukosa. Siyaandiki haya kwa sababu ya desturi, hayo nitayasema nikifika, mbele ya Mzee Maranga na mbuzi. Haya ni yangu na yako. Ulikuwa mlango mmoja, na mtu aliyepaswa kuwa upande wa ndani alikuwa huku anabeba barafu ya watu. Umenishikia zamu yangu. Mimi ndiye niliyekuweka pale.

Kuhusu Levis sina la kujitetea. Mwambie nitamwomba radhi nikimwona, na awe na bisibisi mkononi kwa sababu nina kazi naye.

Jana nilipomweleza Elijah alichofanya siku ile uani, hakusema neno mpaka usiku, nawe unajua hilo kwake ni ugonjwa. Leo asubuhi aliingia kwenye lori, nikasikia anavunja kitu. Akatoka na redio ya gari. Ile ya zamani, yenye kifundo cha kuzungusha na vitufe vikubwa mbele. Akasema, "Chukua. Nitaimba mwenyewe mpaka Nairobi." Nimeishika nikiwa nimefumba macho. Kidole gumba kinaviona vyote. Viko sita, cha sita tutakifunika kwa utepe.

Najua utasema nini. Redio hupiga inachotaka yenyewe, huwezi kuiagiza iritungu asubuhi. Nimelifikiria hilo tangu jana, na nadhani nimelipata. Tusisikilize wimbo, tusikilize lugha. Sisi watu wa Migori tuna stesheni za kila lugha zinabishana hewani. Kitufe cha kwanza tuweke stesheni ya Kikuria. Ukisikia Kikuria, ameamka. Cha pili Kikisii, lugha yako. Ukisikia watu wa kwenu wanaongea, anakuomba chakula. Cha tatu Kijaluo, yuko sawa, nenda shambani. Cha nne Kiswahili, aitwe Mzee Maranga, kwa sababu ndicho wanachotumia kubishana siasa. Wapige kwaya, wapige matangazo ya mbolea, haidhuru. Na cha tano ni ile stesheni ya vijana, kelele zile zile, Sheng tupu. Hiyo naipanga mimi mwenyewe kama nilivyofanya mara ya kwanza. Inatumia betri ya gari, stima ikipotea haijali. Wala hakuna kampuni ya kuizima kutoka mbali.

Lakini siitumi na lori. Nilishatuma kitu mara moja, nimeona matokeo yake. Hii nitaibeba mwenyewe.

Mpelekee Mzee Maranga maneno haya, ayaseme karibu na sikio la Baba, polepole: Maroa amesikia. Maroa anarudi kwa sababu anataka. Alitaka hata kabla ya kuambiwa, mwulize Elijah ni mara ngapi amemsumbua kuhusu lifti. Na mikono yake si mitupu kabisa. Halafu Mzee Maranga amwombe Baba anywe ule uji wa nyumbani kwa Maranga mpaka nifike. Hata nusu kikombe. Amwambie ninaomba, siamrishi.

Na wewe, kabla sijaingia kwake, tuketi kidogo jikoni unifundishe. Utoke cha kwanza hadi cha tano, uniulize mpaka nijue. Mmezungumza miezi yote hii, yeye na wewe, na mimi mtoto wake sijui hata jinsi ya kumsikia akisema yuko sawa.

Mzigo wa leo lazima niushushe, na wa kesho, ndipo tajiri aniachilie. Elijah anatangulia na barua hii. Mimi napanda gari Jumamosi alfajiri. Mfunge mbuzi karibu na lango. Nitafika Kehancha Jumamosi, tarehe 7 Machi, jua likiwa bado juu.

Maroa